Ubeti Ambao Nyanya Hakutaka Kuutunga

Mwalimu wa kwaya alizikwa Jumamosi iliyopita, na mimi nilifika nikiwa nimechelewa. Treni ya asubuhi kutoka Mombasa ilitushusha Voi jua likiwa limeshakuwa kali, nikatembea nikiwa nimejifunika leso kichwani, viatu vikigeuka vyekundu kwa lile vumbi ambalo ukishalijua hulisahau. Nilipofika watu walikuwa wamekaa chini ya hema na vijana wa kanisa wamewasha spika kubwa. Muziki ulikuwa umerekodiwa tayari, kazi yao ilikuwa kuimba juu yake. Waliimba vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Waliimba kuhusu kuinuliwa, kuhusu maadui kuaibika, kuhusu baraka ambazo ziko njiani na zitafika mwezi huu huu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamtazama marehemu pale kwenye picha, na uchovu ulionishika haukuwa wa safari.

Wewe hukumjua, kwa hivyo nikwambie. Alikuwa mtu wa chaki na ubao. Nyimbo zetu zote aliziandika do-re-mi ubaoni, kisha akatupa sauti kwa kuguna kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi. Hakupenda makuu. Wimbo aliouogopa kuliko wote ndio huu nataka kukusimulia, nao ulikuwa wa nyanya yangu.

Nyanya alinilea katika laini za shamba la mkonge, nje kidogo ya mji. Laini ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi: vyumba vilivyoshikana mgongo kwa mgongo, paa la mabati, mlango mmoja na dirisha moja. Mama yangu alikuwa amepata kazi ya nyumbani Mombasa, na tulimwona Krismasi. Tuliokuwa tukiishi pale ni nyanya, mimi, na mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa kijana mrefu mwenye sauti nzito kuliko mwili wake.

Asubuhi iliamshwa na king'ora cha kiwanda. Nyanya alikuwa keshaamka zamani, amepasha kiporo cha ugali kwenye makaa na kuchemsha chai ya rangi. Kulipopambazuka milima ya Sagalla ilitokea polepole, kama mtu anayefikiria kama aje au asije, na wanaume wakapita na mapanga kwenda kukata, wanawake wakaenda kwenye nyaya za kuanikia. Huko mkonge uliokwisha kumenywa ulitundikwa ukauke. Ukiuona kwa mbali ungedhani nywele nyeupe za wazee wengi waliosimama wakikupa mgongo. Harufu yake lakini haikuwa ya kupendeza. Takataka za kiwanda ziliachwa zioze nyuma ya laini, na harufu hiyo iliingia kwenye nguo, kwenye chakula, kwenye shuka. Mpaka leo nikipita mahali penye majani yaliyooza naangalia nyuma nikidhani nimeitwa.

Kazi yangu nilipotoka shule ilikuwa kwanza maji, kupanga mtungi kwenye foleni ya bomba na kungoja, na pili mikono ya nyanya. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, jua likiwa bado lina nguvu ya kunionyesha, akanipa viganja vyake na pini. Nikatoa miiba. Maji ya mkonge yalikuwa yamemchubua ngozi mpaka ikawa kama gome, na hakushtuka hata nilipochokonoa ndani. Alikuwa akiimba. Nyimbo za kanisani, nyimbo za Kidawida za huko kwao milimani upande wa Bura, na nyingine ambazo alikuwa akizitunga palepale, za kunisifu au kunikaripia.

Jumapili alipika kimanga, muhogo na maharagwe aliyoyaponda kwa mwiko mpaka yakashikana, na lazima sahani moja ivuke kwenda kwa jirani. Jirani yetu alikuwa mama wa duka. Yeye na mumewe walikuwa Waislamu wenye asili ya pwani, na duka lao lilikuwa chumba cha mwisho cha laini yetu, lenye mizani, mafuta taa, sukari na dawa ya kichwa. Idd ikifika mambo yaligeuka, sahani zikaja kwetu. Yeye na nyanya walikuwa marafiki wa kubishana. Mama wa duka alikuwa na Kiswahili safi cha kwao, na Kiswahili cha nyanya kilimwasha kama upupu.

"Dada, si mkono yangu. Ni mkono wangu," angesema kupitia ukutani.

"Uko kwa mwili yangu ama kwa mwili yako?" nyanya angejibu, na angeendelea na lake.

Kiwandani kulikuwa na mashine ya kumenya majani ya mkonge. Mjomba alifanya kazi kwenye mdomo wake, kuyasukuma majani ndani. Mdomo ule haukuwa na kizuizi. Kila mtu alijua, na kila aliyefanya kazi pale alisema atakuwa mwangalifu.

Siku moja king'ora kililia saa isiyo yake. Tulikuwa tunatoka shule. Nakumbuka wanawake walivyoacha nyaya wakakimbia wote, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani, na nakumbuka nyanya peke yake hakukimbia. Alitembea, mikono imeshika kanga kifuani, kama mtu aliyekwisha kuambiwa. Alikuwa mjomba. Mkono wa kulia ulikuwa umechukuliwa mpaka chini ya kiwiko. Walimpeleka hospitali Voi na gari la shamba, na aliporudi akiwa na bandeji, mikono ya mashati yake yote ya upande ule ikawa inaning'inia. Akaambiwa apumzike. Baadaye akaambiwa hakuna kazi ya mtu wa mkono mmoja.

Mjomba aliyekuwa akiimba besi kanisani akawa anakaa nyuma ya nyumba akitazama ukuta. Ukimuuliza kama atakula alisema ndiyo au la. Hakukuwa na la zaidi.

Wimbo ulianza kwenye karai. Nyanya alikuwa anafua mashati yake, mimi namwagia maji, na alipofika kwenye ule mkono usio na mtu ndani aliacha kufua. Akaushika. Nikadhani atalia, lakini alianza kuimba chini chini, maneno yakija moja moja:

*Ee Bwana, angalia mkono hii,*
*mashine imekula ikashiba.*
*Wewe uliiumba kwa udongo,*
*nani ataiumba tena?*

Nyuma ya ukuta nikamsikia mama wa duka, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa akiitumia kwenye mabishano yao: "Mkono huu, dada."

"Najua," nyanya akasema. "Lakini nimelia hivyo."

Ubeti wa pili ulikuja baadaye, kwenye nyaya, ukiwa umetungwa na miili ya wanawake wote wa pale kuliko kinywa chake:

*Tunaamka king'ora ikilia,*
*tunalala miiba ikituuma.*
*Tumeomba mpaka magoti imechoka.*
*Bwana, wewe pia umechoka?*

Aliupeleka kwa mwalimu wa kwaya. Wakati huo alikuwa mtu wa makamo, karani wa stoo ya shamba, mwenye watoto wengi na shati moja jeupe. Walikutana mbele ya kanisa letu la mabati Jumamosi baada ya mazoezi, mimi nikiwa nimeshika kitabu cha nyanya cha nyimbo ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukisoma. Aliimba akiwa amesimama. Mwalimu alisikiliza akiangalia chini.

"Sauti yake ni nzuri sana," akasema mwishowe. "Lakini mama, wimbo wa kanisani hauwezi kuishia kwa swali. Watu wakitoka hapo watabeba nini nyumbani?"

"Watabeba hilo swali. Si ndilo walikuja nalo?"

"Kunatakiwa tumaini. Ubeti wa tatu. Hata mimi naweza kukusaidia." Akaanza kuimba, papo hapo, jambo kuhusu taji na mji wenye mlango wa dhahabu ambako hakuna machozi. Haukuwa mbaya. Ulikaa vizuri kwenye ile sauti.

Nyanya alitikisa kichwa. "Huo ni wako, mwalimu. Uimbe wewe. Mimi siwezi kuimba kitu sijaona."

"Na imani je, mama?"

"Imani ndiyo inanifanya niulize. Kama siamini, ningemuuliza nani?"

Nimekaa na jibu hilo maisha yangu yote. Mwalimu naye nadhani alikaa nalo, maana Jumapili iliyofuata wimbo uliimbwa, beti mbili bila ya tatu, na walipofika kwenye lile swali la mwisho waumini walinyamaza. Hakuna aliyesema amina. Mtu mmoja upande wa wanaume alisafisha pua. Kisha mhubiri akasimama akafungua Biblia na ibada ikaendelea, lakini kitu kilikuwa kimetokea, na watu walitoka pale wakisalimiana kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kutoka kanisani wimbo ulihamia kwenye nyaya. Wanawake waliuimba wakitundika mkonge. Mmoja alianza huku, mwingine akapokea kule mwisho, ukazunguka mpaka ukafika kwenye dirisha la kiwanda. Wakamba waliuimba na kuuvuta kwa mtindo wao. Waliotoka ng'ambo ya mpaka waliongeza makofi. Sisi watoto tuliuimba tukiruka kamba, tusijue tunaimba nini, kwani ulikuwa na mdundo mzuri.

Nyapara alikuja siku moja akasimama katikati ya nyaya, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya kwa nyumba yake. Watoto wake tulisoma nao. Alikuwa tu mtu aliyeogopa walio juu yake kuliko alivyowaogopa walio chini.

"Huo wimbo unasema mashine inakula watu," akasema.

"Haili?" mama mmoja akauliza bila kugeuka.

"Sitaki kuusikia tena. Atakayeimba ataimbia nyumbani kwao, si hapa."

Basi hawakuimba. Waliguna. Midomo ilifungwa, na ule wimbo ukatoka puani, beti mbili zote, kutoka mwanzo wa nyaya mpaka mwisho, na nyapara akaenda na kurudi akiwachungulia nyuso. Hakukuwa na neno hata moja la kumkamata mtu nalo. Nilikuwa nimeleta chakula cha nyanya siku hiyo. Ule mguno niliusikia kifuani kabla haujafika masikioni, na ninakuhakikishia tangu siku hiyo sijasikia kwaya iliyonitetemesha vile.

Miezi ikapita hivyo. Mjomba alibaki nyuma ya nyumba.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja. Shamba lilikuwa limejenga chumba cha dawa, chumba kidogo chenye kitanda na kabati, na wakubwa wa mbali walikuwa wanakuja kukifungua. Laini zilipakwa chokaa upande unaoelekea barabara. Kwaya iliagizwa iandae wimbo wa shukrani, na mwalimu akaandaa, wimbo mwepesi uliomtaja kila aliyestahili kutajwa. Nyanya aliufanyia mazoezi kama wengine. Hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi.

Siku yenyewe ilikuwa na joto la kuyeyusha. Tuliwekwa kivulini upande mmoja wa hema, wageni upande wa pili, na meneja wa shamba amekaa katikati. Tukaimba wimbo wa shukrani, wakapiga makofi. Mmoja wa wageni, mzee mwenye uso wa huruma aliyekuwa akijipepea na kofia, akamnong'oneza meneja kitu, na meneja akatutafsiria akitabasamu: mgeni amependa sana, anauliza kama mna wimbo wenu wenyewe, mliotunga nyinyi.

Nilimwona nyapara nyuma ya viti akitikisa kichwa kidogo, kushoto na kulia. Nilimwona nyanya akiangalia viatu vyake. Na nilimwona mjomba. Sikujua amekuja saa ngapi. Alikuwa amesimama mbali na hema, kando ya tangi la maji, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa na pini ileile niliyotolea miiba.

Yule aliyeamua alikuwa mwalimu. Mtu aliyekuwa na kazi ya kivulini ambayo wengi waliitamani, na watoto wengi, na shati moja. Alitutazama, akatazama kule kwenye tangi, akaguna. Alikuwa ametoa sauti ya wimbo wa nyanya. Mkono wake ulikuwa hewani na hakuushusha.

Nyanya akainua uso. Akaimba *Ee Bwana, angalia mkono hii* peke yake, kisha wote wakaingia. Midomo ilikuwa wazi sasa. Kwenye ubeti wa pili sauti nzito ikaja kutoka upande wa tangi, yenye kutu, ikiwatafuta wenzake, ikawapata. Mjomba aliimba akiwa amefumba macho. Walipofika kwenye *Bwana, wewe pia umechoka?* waliliacha lile neno la mwisho lining'inie mpaka likaisha lenyewe.

Wageni walipiga makofi kwa nguvu. Yule mzee alikuwa na machozi. Akamgeukia meneja kuuliza maneno yanasema nini, na meneja, ambaye Kiswahili alikifahamu vizuri kabisa, akamjibu kwa Kiingereza ambacho hata sisi wa darasa la nne tulikielewa: ni wimbo wa kumshukuru Mungu.

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wakaenda kunywa soda.

Najua ungependa nikwambie kwamba wimbo ule ulibomoa ukuta. Haukubomoa. Wiki iliyofuata mwalimu alitolewa stoo akapewa panga la kukata mkonge, katika umri ule, na mikono ile ya kushika kalamu. Nyanya aliambiwa hahitajiki tena kwenye nyaya, na asiyefanya kazi hakai laini. Baada ya muda mdomo wa mashine uliwekewa kizuizi cha chuma. Mwalimu aliamini mpaka kufa kwake kwamba ni ule wimbo. Nyanya alisema labda ni mtu mwingine aliyekatwa ambaye alikuwa na ndugu mwenye cheo.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo yetu ilikuwa mlangoni: kitanda kilichofunguliwa, sufuria, karai, godoro, mawe matatu ya jiko ambayo nyanya alikataa kuyaacha kwa sababu alitoka nayo kwao. Lori la mtu aliyekuwa anaelekea Bura kupakia mboga lilikubali kutuchukua, ila lingesimama barabarani, si ndani ya shamba. Ilikuwa mwendo. Mjomba alijaribu kubeba godoro kwa mkono mmoja, likamshinda, akalikalia.

Ndipo wanawake wakaja. King'ora kilikuwa kimeshalia na walitakiwa wawe kwenye nyaya. Walikuja na aproni zao za magunia, mmoja akainua mbao za kitanda, mwingine karai, mwingine jiwe la jiko akaliweka kichwani juu ya kata kama anabeba mtungi. Nyapara alisimama njiani. Walimpita upande huu na upande huu, kama maji yanavyolipita jiwe, na yeye akabaki amesimama. Mama wa duka alifunga duka lake, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa mgonjwa, akatoka na unga na sukari kwenye kapu. Mimi nilipewa kuku. Nilimshika kifuani na alikuwa akinipiga mabawa, na nilikuwa nalia kiasi kwamba njia sikuiona.

Nyanya alitangulia mikono mitupu, maana hakuna aliyemwachia kitu cha kubeba. Akatembea hivyo kipande, akageuka nyuma akaangalia ule msafara. Akaanza wimbo wake. Waliuitikia beti mbili zote, na baada ya lile swali, wakiwa wamezoea kuishia hapo, yeye akaendelea.

Ubeti wa tatu aliutunga akitembea. Alisema mstari, wao wakaurudia, akasema mwingine. Kando ya njia wanaume walikuwa wakikata mkonge, na mwalimu alikuwa miongoni mwao. Alisimama wima, panga mkononi, akasikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa upande kama alivyofanya akitafuta sauti iliyopotea. Kisha akapaza sauti: "Mama, rudia. Rudia nishike."

Lakini lori lilikuwa limefika na dereva anapiga honi. Vitu vikarushwa juu, mjomba akavutwa, mimi na kuku wangu tukainuliwa. Nyanya alipanda mwisho. Sauti za wale wanawake zilitusindikiza kidogo, kisha ikawa injini tu.

Bura palitupokea. Ndugu wa nyanya walimpa kipande cha shamba kwenye mteremko, penye maji, na tukalima sukumawiki, kabichi na nyanya za kupikia. Mjomba alijifunza jembe la mkono mmoja, alilishikilia kwapani kwa namna ambayo sijaona mtu mwingine akifanya, na alipopata nguvu akawa anashuka Miasenyi kuuza mboga kwa madereva wa barabara kuu. Alianza kuongea tena, si sana. Hakuoa. Alifariki kwa mapafu, na nyanya akamfuata baada ya misimu michache tu.

Kabla hajafa nilikuwa msichana mkubwa wa sekondari, mwenye kutaka kuhifadhi mambo, na nilimuuliza. Tulikuwa tunapalilia. Alikuwa akiimba beti zake mbili kama kawaida, akaishia kwenye swali.

"Na ule wa tatu, nyanya? Ule wa siku ya lori?"

Aliegemea jembe. "Ule sikutunga mimi. Nilikuwa nasema vile naona."

"Uuimbe basi niuandike."

"Siwaoni sasa," akasema. Akaangalia mteremko wote, kabichi, mjomba kule chini na jembe lake la kwapani. "Nitaimbaje kama siwaoni?" Na akainama kupalilia.

Nilikuwa nimepanga kwa miaka kumwendea mwalimu wa kwaya. Yeye alikuwa na sikio, yeye aliomba urudiwe. Kila likizo kulikuwa na jambo: zamu hospitalini ninakofanya kazi, ada za watoto, uchovu. Kisha simu ikalia ikisema amelala.

Baada ya mazishi nikaenda kwa mama wa duka. Ni mzee sana, anaishi na mwanawe karibu na msikiti, haoni vizuri, lakini alinijua kwa sauti na akanikalisha kitandani pake. Tuliongea habari za kilio, za nani yuko na nani hayuko. Wale wanawake wa nyaya, kila niliyemtaja alisema, "Naye huyo tumemzika." Laini zimebomoka, akasema, mkonge umejiotea ovyo, tembo hupita katikati wakienda kutafuta maji. Nikamuuliza kuhusu ubeti wa tatu.

Akarekebisha mtandio kichwani.

"Maneno yamekwenda, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nalia siku ile. Na Kiswahili chake, wewe mwenyewe wakijua kilivyokuwa." Akacheka kidogo bila meno. "Lakini ndani ya ubeti ule mlikuwa na mtu mwenye kapu la unga. Nilijisikia nimetajwa. Mimi, nisiyeingia kanisani kwenu. Alinitaja kwa Mungu mbele ya watu wote. Hilo nalikumbuka kama jana."

Hakuwa na zaidi, na mimi sikumsukuma. Alinishika mkono tukakaa hivyo mpaka adhana ikaita na mwanawe akaja kumsaidia kutawadha.

Nimerudi Mombasa. Sina ugomvi na vijana wa spika, labda na wao wana mashine zao ambazo hawajapata kuzitaja. Ninachokikosa si laini, wala umaskini ule ambao sitaki hata adui yangu aurudie. Nawakosa watu waliokuwa wakimuuliza Mungu swali gumu kwa pamoja, kwa sauti nne, halafu wakaacha kazi yao kwenda kumbebea jirani jiwe la jiko. Sijui kama jambo moja lingewezekana bila lingine. Wodini, nikiwa natandika vitanda, huwa naimba wimbo wa nyanya chini chini, na *mkono hii* yake naiacha vilevile. Nikifika kwenye swali nanyamaza, kimya cha urefu wa ubeti mmoja, halafu nahamia kitanda kinachofuata.